Hali ya Wastani

Juzi niliona neno "wastani" kwenye daftari la binti yangu, nikakumbuka siku ile ya mtihani wa hesabu nilipokuwa darasa la saba, shuleni Isevya.

Asubuhi ya siku hiyo shangazi alirudi kutoka hospitali alikolazwa mama, akasema, "Hali ya mama yako ni ya wastani." Mimi nilijua wastani ni kujumlisha na kugawanya tu, nikadhani mama amegawanywa kati ya uzima na kifo.

Darasa lilinuka vumbi la chaki. Viatu vya msimamizi viligonga sakafu, na swali la wastani nililiacha wazi.

Kengele ilipolia nilikimbilia hospitali. Mama alikuwa amekaa kitandani, anakunywa uji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unalia, mtihani ulikuwa mgumu?"

"Mgumu sana," nikasema, nikaushika mkono wake.