Siku Mama Mkwe Alipoacha Kunikimbia

Kwa miaka saba mama mkwe wangu alinikimbia, na mimi nikamkimbia, na kwa njia hiyo tukapendana sana. Kule Angurai nilikooa, kwa Wateso, mwanamume na mama wa mkewe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatajani majina, na kutazamana usoni ni aibu. Kwetu Waluhya mambo ni yale yale, kwa hiyo hakuna aliyenilazimisha. Nikifika kwao nakohoa langoni. Yeye anainuka alipo, anabeba kiti chake na kupotelea nyuma ya jiko. Salamu zinapitia kwa mke wangu. Siku moja tulikutana uso kwa uso sokoni, yeye na beseni la nyanya kichwani, nikaingia duka la kwanza nililoliona. Kumbe ni la nguo za ndani za akina mama. Nilitoka na sidiria mbili, na mke wangu ananiuliza habari zake hadi leo.

Mke wangu alipojifungua alienda kwa mama yake kutunzwa. Mimi natengeneza pancha za malori Malaba, kwenye foleni ya kuvuka mpaka kuingia Uganda. Jumamosi moja nikafunga kazi mapema, nikanunua sukari, sabuni na nyama, nikaenda kumwona mwanangu.

Nikakohoa langoni. Mama mkwe alikuwa amesimama uani akipepeta wimbi. Hakukimbia. Nikakohoa tena, safari hii kama mtu wa kulazwa. Akaniangalia tu. Kisha mdomo wake ukaenda upande.

Jamani, nilikasirika! Nikasema moyoni, huyu mama ananibinulia mdomo! Miaka saba ya heshima, leo ameona mfuko wa nyama ni mdogo, basi nimekuwa takataka? Nilikuwa bado natafuta jibu la kumpa kupitia kwa binti yake wakati ungo ulipomtoka mkononi. Wimbi likamwagika, mguu wa kushoto ukakataa, akaenda chini polepole.

Nilikimbia mpaka karibu naye, nikasimama. Ndiyo, nilisimama. Mikono ilikuwa imenyooka mbele na miguu imegoma. Mke wangu akatoka ndani na mtoto kifuani, akamkuta mama yake chini na mumewe amesimama kama anangoja kupigwa picha.

"Mshike!"

"Nimshike vipi?"

"Mshike kama mtu! Kwani wewe ni nini?"

Liwalo na liwe, nikamshika. Nilimbeba kwenda kwa jirani mwenye gari, Probox ya kubebea vitunguu, nikiwa nimefumba macho kwa heshima. Ndiyo maana nilipita katikati ya kamba ya nguo na kutokea upande wa pili nikiwa na nepi ya mwanangu shingoni. Nilifika nayo hospitali, Busia mjini.

Walimpiga picha ya kichwa, wakasema ni kiharusi. Mshipa wa damu umeziba upande wa kulia wa ubongo, ndiyo sababu mwili umelegea upande wa kushoto. Maneno yalikuwa yanamtoka, ila mazito. Mimi nikashukuru Mungu, nikadhani kazi imeisha. Daktari akaniambia nikae.

"Mzee, hatari bado. Chembe za ubongo zikikosa damu zinakosa nguvu ya kusukuma maji nje. Maji yanaingia, yanakaa humo, zinafura kama maharagwe yaliyolowekwa. Sasa mguu ukifura utaona, ngozi itavutika. Ubongo ukifura uko ndani ya mfupa. Utaenda wapi? Utajifinya wenyewe. Siku mbili tatu zijazo ndizo tunaziogopa."

Hilo nililielewa vizuri. Mtu anayejaza upepo malori kila siku hafundishwi habari ya kitu kinachofura mahali pasipo nafasi.

Ikabaki ni nani atakaa naye. Mke wangu ana kichanga, na wodini vichanga haviruhusiwi. Shemeji yangu wa Nairobi tulimpigia simu akasema "niko njiani", na akaendelea kuwa njiani siku zote hizo, sijui ni barabara gani aliyopitia. Basi nikabaki mimi.

Sista wa wodi akanionyesha kazi. Kichwa cha kitanda kiinuliwe, shingo ikae wima, asipewe maji bila ruhusa. "Na kila mara muulize anaitwa nani, yuko wapi. Mwambie akufinye mkono kwa huu wake wa kulia ulio mzima. Akianza kusinzia ovyo, au akili ikaanza kubadilika, niite haraka. Mimi niko na wodi nzima."

Nilimwangalia sista. Nikamwangalia mama mkwe. Mama mkwe aliangalia ukuta.

"Mama," nikasema, nikiliambia dirisha, "unaitwa nani?"

Nikauweka mkono wangu kitandani kama mtu anayemlisha mbwa asiyemjua. Yeye akauficha wake chini ya shuka. Sista aliporudi nikamwambia hajibu wala hafinyi, na uso wake ukabadilika. Akainama. "Mama, unaitwa nani?" Mama mkwe akataja majina yake yote matatu, ukoo wake na ukoo wa marehemu mumewe. Kisha akamfinya sista mkono mpaka sista akasema aii.

"Na wewe alikukatalia kwa nini?"

"Mimi ni mkwe."

Sista naye ni mtu wa huku huku. Alicheka mpaka akaegemea kitanda. "Wueh! Sasa huyu tutajuaje amezidiwa, na tutajuaje ana adabu?"

Ndipo akaleta wazo la leso, ile kanga ya mama ya kujifunga kiunoni. Mimi nitaketi nyuma ya pazia na pembe moja ya leso, mama ashike pembe nyingine. Nikivuta, avute. Asipovuta, nipige kelele. Tuliishi hivyo siku mbili. Nilikuwa navuta kidogo, kwa heshima, naye anajibu kwa hasira, mara moja akanitoa kwenye kiti kabisa. Wagonjwa wa wodi ile walituzoea. Kila nilipovutwa walisema, "Mama yuko."

Siku ya tatu mchana nilivuta, leso ikaja yote.

Nikafungua pazia. Mama mkwe alikuwa ananitazama machoni, waziwazi, anatabasamu kwa nusu ya mdomo. Akaninyooshea mkono. "Kuja, mwanangu. Kwa nini unakaa mbali? Kaa hapa kitandani na mimi."

Akanishika mkono. Wodi nzima ikapiga makofi. "Mama amepona! Mungu ni mwema!"

Mimi nikakumbuka lile wimbi lililomwagika. Ile mara ya kwanza aliyoacha kunikimbia nilifikiri ni dharau, na alikuwa anaanguka. Sikutaka kukosea tena.

"Sista! Kimbia! Mama amezidiwa!"

Sista akaja mbio, akamkuta mgonjwa anatabasamu na kupapasa mkono wangu. "Amezidiwa wapi? Si ameongea, si amekushika?"

"Sista, huyu mama hajawahi kunisalimia miaka saba. Leo ananiita kitandani! Huyu si yeye!"

Sista akaacha kucheka. Akatoa tochi, akammulika macho. Mboni moja ilikuwa kubwa kuliko nyingine. Akatoka mbio kumwita daktari.

Ubongo ulikuwa unafura. Wakamtundikia dawa ya kuvuta maji. Daktari akasema, ubongo usiposikia dawa itabidi apelekwe Eldoret kufunguliwa mfupa, ubongo upate nafasi. Nikakaa kwenye korido na ile leso. Niliogopa, sisemi uongo. Nilikuwa nimeuona uso wake vizuri kwa mara ya kwanza, na nikajua mke wangu aliutoa wapi ule mwanya wa meno. Nikasema, Mungu, usinionyeshe mtu huyu leo ukamchukua kesho.

Asubuhi nikarudishwa nyuma ya pazia. Nikampitishia pembe ya leso, nikavuta. Hakuna. Nikangoja, nikavuta tena.

Leso ikanyakuliwa mkononi mwangu kwa nguvu, na sauti nzito ikasema, "Sista, muulize huyo mtu anatafuta nini kwa wodi ya wanawake asubuhi yote hii." Nilipochungulia, akajifunika shuka gubigubi.

Nililia. Mwanamume mzima, kwa sauti, kamasi na kila kitu. Akina mama wa vitanda vingine walipoona mgonjwa amefunikwa shuka mpaka kichwani na mkwe analia, nao wakaangua kilio. Mmoja alishaanza kutafuta wimbo. Ndipo shuka ikasema, "Nani amekufa?"

Alitoka hospitali baada ya majuma kadhaa, mguu wa kushoto bado mzito. Walimpa fimbo na mazoezi. Fimbo akaitumia kufukuza kuku, na mazoezi akasema ni ya watoto wa shule. Mke wangu alibembeleza akachoka. Mama alikuwa anaketi tu kwenye kiti chake, kutwa.

Jumamosi moja nikaenda kuwaona. Nikakohoa langoni bila kufikiri.

Mama mkwe akainuka. Hakuna aliyemshika. Akachukua fimbo, akavuta ule mguu, akayumba, akajishika ukutani, akaendelea mpaka akapotelea nyuma ya jiko. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

Tangu siku hiyo mimi ndiye zoezi lake. Kila Jumamosi nafunga kazi, naenda, nakohoa. Juzi lori la mafuta lilinichelewesha nikafika jua linatua. Alinikimbia vizuri sana, karibu bila fimbo. Kisha nikasikia akimfokea mke wangu kule nyuma ya jiko:

"Mwambie mume wako asichelewe tena. Nimekaa hapa tangu asubuhi nikingoja kumkimbia."