Unene wa Mama Duka

Mwaka themanini na tatu, wakati Musoma nzima inakonda, Hyasinta alinenepa. Hakufanya kosa lingine lolote, na kwa watu wa mtaa wa Kitaji hilo moja lilitosha.

Alikuwa muuzaji wa duka la ushirika. Ukiingia dukani ulikutana na rafu tupu, mizani, na Hyasinta mwenyewe. Sukari ilikuja kwa kubahatisha na kugawiwa kwa kaya. Sabuni ya mche ilikatwa vipande vidogovidogo kama nyama ya msiba. Khanga zikifika, foleni ilianza kabla jogoo hajawika na kuishia kwenye kuvutana nywele. Watu walikuwa wanakunywa uji wa mtama bila sukari, wanafulia majani ya mpapai, mashati yanawapwaya. Halafu wanafika dukani wanamkuta muuzaji mashavu yamejaa, macho yamezama ndani ya nyama, vidole vimevimba mpaka pete ya ndoa haitoki. Sasa hapo ungefikiri nini? Ndivyo walivyofikiri.

"Sukari yetu ndiyo ile, inatembea," alisema Jeska, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akiwa kwenye foleni, tena kwa sauti ya kutosha.

Hyasinta alisikia. Ukweli ni kwamba alikuwa anakula kidogo kuliko mtu yeyote kwenye ile foleni. Ugali wa muhogo ulimkaa kifuani, choo kilimgomea wiki nzima. Jua la Musoma linachoma bati, yeye amevaa sweta la mumewe na bado anasikia baridi kwenye mifupa. Sauti yake, iliyokuwa ikiongoza soprano kwenye kwaya ya parokia, ilikuwa nzito na ya kukwaruza, mpaka mwalimu wa kwaya akamwomba kwa adabu apumzike kidogo, na huo kidogo haukuwahi kwisha. Nyusi zilimpukutika upande wa nje. Alisahau mambo. Alianza kupima kilo ya unga na katikati akajikuta anaitazama mizani, hajui ameitwa pale kufanya nini.

Kubwa kuliko yote ilikuwa damu. Kuna miezi haikuja kabisa, akaanza kujipa matumaini, kisha ikaja na kukataa kuondoka, siku baada ya siku, akapasua khanga zake kuukuu vipande mpaka zikaisha. Mimba mbili alishazipata tangu aolewe na Werema, na zote mbili zilitoka kabla hata tumbo halijaonekana. Alipotoka dukani jioni alikuwa hana hata nguvu ya kuwasha jiko. Huyo ndiye mlanguzi waliyemwona wao.

Ulikuwa mwaka wa kuwasaka walanguzi, kwa hiyo wanamgambo walifika. Waligeuza kitanda, wakafukua jikoni, wakachungulia mpaka chooni. Walikuta muhogo wa kusaga kwenye debe na dagaa kwenye ungo. Mtu mwenye akili angesema samahani. Wao walimtazama juu mpaka chini, kisha wakatazamana, na mmoja akasema atakuwa anaficha kwa ndugu. Wiki hiyo hiyo ushirika ukamwondoa dukani, eti kwa usalama wake.

Tangu hapo akakosa hata jina. Wenzake wote mtaani walikuwa Mama Boniphace, Mama Gati, mama wa fulani. Yeye alikuwa Mama Duka, na duka halikuwepo tena. Watu wakawa wanamwita "wewe dada," na wakati mwingine hawamwiti kabisa.

Alitafuta tiba, mtu asije akasema hakutafuta. Zahanati walimpa klorokwini ya malaria, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Ilipokosekana walimpa pole. Mara moja walimpa vidonge vya kuongeza damu vilivyotosha wiki moja. Mganga mmoja wa Bweri alimwambia ni shangazi wa mumewe aliyekufa na kinyongo. Tabibu mmoja kijana, aliyekuwa anaandika huku anatazama dirishani, alimkatiza akiwa hajafika nusu ya maelezo.

"Punguza kula, dada. Na shingo yako haina rovu, haijavimba, kwa hiyo usiogope."

Alitoka nje akakaa kwenye msingi wa ukuta akalia kwa hasira. Kulia kwenyewe kulimchosha, akaacha kabla hajamaliza.

Miaka ikaenda hivyo. Werema, mumewe, alikuwa fundi kwenye kiwanda cha nguo, mtu mpole asiyependa makelele, na upole wake ulikuwa na tabu yake, maana mtu mpole humkubalia kila anayesema naye mwisho. Mara nyingi aliyesema naye mwisho alikuwa mama yake, Penina, aliyekuja kutoka Butiama na kuku kwapani na neno moyoni.

Penina hakuwa mbaya. Hyasinta angefurahi angekuwa mbaya, angalau angemchukia vizuri. Huyu alikuwa anamshika mkono na machozi yanamlenga.

"Mwanangu, mimi sikufukuzi," alisema. "Nakupa njia. Ng'ombe zipo. Kuna binti wa kwa Wanzagi, anaitwa Wegesa, mtaratibu kabisa. Unamuoa wewe mwenyewe. Anazaa, watoto wanakuwa wa nyumba yako."

Ndiyo nyumba ntobhu hiyo, desturi ya upande wao wote: mwanamke asiye na mtoto anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na nyumba yake haizimiki. Padri akisikia anakunyima komunyo, lakini padri haulizwi na wakwe kila Krismasi.

"Mama, mimi naumwa," Hyasinta alijibu. "Nitibiwe kwanza. Nikipona nitazaa mwenyewe."

"Unaumwa nini? Miaka yote unasemaga unaumwa, na mwili ndio huo."

Hapo Hyasinta alitamani kuvua huo mwili ampe mama mkwe auvae kutwa moja tu, akateke nao maji. Badala yake aliomba muda, na kila msimu wa pamba ukipita aliomba mwingine. Hakutaka kitu kikubwa. Alitaka mtu mmoja amwamini kwamba tumbo lake si tupu, ni gonjwa, na alitaka aaminiwe kabla umri haujamwacha. Alishafikisha thelathini na nane Penina alipomwambia kwamba muda umekwisha, ng'ombe zitaswagwa baada ya mavuno.

Kufikia hapo mambo ya nchi yalikuwa yamegeuka. Maduka yalijaa. Sukari ilikuwa kwenye vifuko, sabuni za kila rangi, mitumba imetandazwa hadi barabarani, na karibu na soko kuna duka la dawa la mtu binafsi, vidonge vimepangwa kama pipi. Zamani ulijua dawa ukaikosa. Sasa dawa zilikuwepo tele, ukakosa wa kukwambia umeze ipi.

Aliyemwokoa ni mdogo wake, Tereza, aliyekuwa ameolewa Bunda, anaishi Manyamanyama. Hyasinta alikwenda kumsaidia alipojifungua, na ikawa mwenye kitoto kichanga ndiye anayemwamsha msaidizi. Siku ya tatu Tereza alimfunga mtoto mgongoni, akamshika dada yake mkono, akampeleka hospitali ya misheni bila kumwuliza.

Daktari aliitwa Florian. Alimwacha Hyasinta aseme mpaka mwisho, jambo lililomchanganya, maana alizoea kukatizwa na hakuwa amejiandaa na sehemu ya pili ya maelezo yake. Kisha daktari alimpigisha magoti juu ya kiti, akagonga nyuma ya kisigino kwa kinyundo cha mpira. Mguu uliruka upesi, ukarudi polepole, kwa uvivu, kama mlango wenye bawaba zenye kutu. Daktari akagonga tena. Ukafanya vilevile.

"Hapa shingoni kuna tezi," alisema. "Inatengeneza homoni, na hiyo homoni ndiyo inauambia mwili uende mwendo gani. Moyo, tumbo, ngozi, akili, mpaka siku zako za mwezi. Yako nadhani imezimika. Kila kitu kinakwenda taratibu, na huko kwenye uzazi ndiyo kimevurugika kabisa."

"Lakini sina rovu."

"Kwa wengine inavimba, kwa wengine inasinyaa kimyakimya. Huo unene wako mwingi ni uvimbe, mama, siyo chakula."

Alimwita mama. Hyasinta alitazama pembeni. Damu yake ilipelekwa Mwanza, na majibu yalirudi yakisema hivyohivyo.

"Na mtoto?" aliuliza.

"Homoni ya tezi ikikaa sawa, na zile za uzazi zinapata nafasi. Umri umesogea, lakini mlango haujafungwa. Vidonge hivi ni vya kila siku, vya maisha. Usiviache."

"Kama ningekuja mwaka themanini na tatu?"

"Ningekwambia maneno haya haya," alisema, "na dawa usingeipata."

Vidonge vilitoka Mwanza kwa basi, vidogo kama punje ya mtama. Hyasinta alivimeza na kungoja, bado hana imani. Baada ya wiki kadhaa aliamka asubuhi moja akakuta hasikii baridi. Halafu choo. Halafu akacheka kitu redioni, akashtuka kusikia sauti yake ya zamani. Alianza kupika maandazi na kuyauza sokoni, akatembea Kitaji yote kwa mguu, akagombana na mtu kwa raha zake. Na damu ikaja, ikakaa siku zake, ikaondoka. Mwezi uliofuata ikafanya hivyo tena. Alimwambia Penina asubiri, na Penina, alipomwona anavyokimbizana na kazi, akakubali kusubiri.

Ila na uvimbe nao uliisha. Mashavu yakaondoka, mifupa ya shingo ikajitokeza, gauni zikaning'inia. Kwao wote ni wembamba, marehemu mama yake alikuwa kama fito, lakini Kitaji nani alimjua mama yake? Na ilikuwa miaka ile ambayo kila wiki kuna msiba, kila msiba wa kijana, na kila kijana alianza kwa kukonda.

"Amekwisha yule," alisema Jeska, safari hii kwa kunong'ona.

Maandazi yakaanza kurudi nyumbani. Msibani wakampa kikombe chake peke yake. Hyasinta aliona, akafikiri atapasuka. Alipokuwa anakufa walisema anakula, na sasa alipopona wakasema anakufa. Alieleza habari ya tezi kwa kila aliyesimama, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyotikisa kichwa kwa huruma.

Hao angewavumilia. Lakini jioni moja alimkuta Werema anaburuta godoro kwenda sebuleni.

"Mgongo unanisumbua," alisema Werema.

"Mgongo gani? Sema unachoogopa."

Akalitandika sakafuni. Siku ya pili Hyasinta akamkokota mpaka Bunda, akamkalisha mbele ya daktari Florian, na daktari akaeleza upya yote, na kuongeza kwamba ule ugonjwa wanaousema watu alishampima, hana. Werema aliitikia kila neno. Wakiwa stendi wanangoja gari la kurudi, alifungua mdomo.

"Madaktari wanafichaga," alisema. "Hata marehemu Kasmiri wa kiwandani walisema ni TB."

Godoro likabaki sebuleni. Mwezi ukaingia, damu ikaja kwa wakati wake, safi, kama daktari alivyoahidi, na Hyasinta akaitazama kwa uchungu ambao hakuwahi kuwa nao hata kwenye zile mimba mbili. Mwili ulikuwa tayari na hapakuwa na mume. Hata ile njia ya Penina ilizibika, maana Wanzagi alituma ujumbe kwamba binti yake hawezi kumpeleka kwenye nyumba yenye ugonjwa.

Basi akapanga lake, na halikuwa la kijinga. Ataacha vidonge. Mwili urudi, midomo inyamaze, Werema arudi kitandani. Akisharudi tu, ataanza kumeza tena kimyakimya, na kabla mashavu hayajashuka mimba itakuwa imeshika. Alijua daktari angekataa, kwa hiyo hakumwuliza. Alikifunika kikopo cha vidonge, akakiweka juu ya kabati.

Alianza mwanzo wa mwaka. Kwaresima ilipofika uso ulikuwa umejaa. Jeska alimkuta bombani, akaweka ndoo chini, akamshika mkono kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

"Afadhali sasa umekuwa mtu," alisema. "Tulishakukatia tamaa."

Baada ya Pasaka Werema alibeba godoro lake akalirudisha chumbani. Kisha alimletea mkewe samaki wa kuchoma aina ya sato, kama zamani za uchumba, na kumtolea miiba.

Hyasinta alijua kwamba siku hiyo kulikuwa na jambo alipaswa kufanya. Alikaa ukingoni mwa kitanda akilitafuta, na lilipomjia hatimaye lilikuja bila haraka yoyote. Kabati lilikuwa pale pale mbele yake, na kikopo cha vidonge juu yake. Ilibidi asimame, anyooshe mkono, na miguu ilikuwa mizito, na hata mtoto mwenyewe, aliyemlilia miaka yote hii, alionekana kama habari ya mtu mwingine. Daktari alimweleza yote isipokuwa hilo, kwamba ugonjwa huu ukirudi unaondoka na nguvu pamoja na hamu ya kuzitafuta.

"Kesho," alisema.

Werema hakujua anaongea habari gani. Alimfunika blanketi, akamtazama lile shavu lililojaa, akamshukuru Mungu kwamba mkewe amepona.