Viatu Vinavyolia

Baba yangu alikata miwa kabla sijazaliwa, baadaye akawa mnyapara wa wakata miwa, na kwa miaka yote hiyo kulikuwa na sheria moja iliyomkera: ofisini huingii na mabuti. Aliyaacha mlangoni, akasimama peku kwenye korido ya saruji akisubiri karatasi yake ipigwe muhuri. Na kila mara, alituambia, alipita karani mmoja wa kike mwenye viatu virefu, ko, ko, ko, na wanaume wote waliokuwa peku walijibana ukutani kumpisha. Sura yake hakuikumbuka. Alikumbuka ule mlio. Nilipoanza darasa la kwanza alinipa nasaha moja tu: "Soma, mama, uje uvae viatu vinavyolia."

Nikasoma. Kosa langu ni kwamba nilisomea kilimo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilitoka chuo kikuu Morogoro na shahada, nikapangiwa Ifakara, nikakabidhiwa baiskeli na jozi ya mabuti ya mpira. Kazi yangu ilikuwa kuwazungukia wakulima wa Mofu na Namawala na kuwaeleza, huku nimezama matopeni hadi magotini, jinsi ya kulima mpunga ambao wao waliulima tangu utotoni. Baba alinisomesha nitoke kwenye matope, nami nikarudi na shahada ya matope. Hakulalamika. Alipokuja kunitembelea aliyaona mabuti yangu mlangoni, akayapindua ili yakauke, akaomba maji ya kunywa.

Kwa hiyo ulipofika mwaka wake wa kustaafu, na mama akaleta ujumbe kwamba wafanyakazi wenzake watamfanyia sherehe ya kumuaga, na kwamba mzee amesema "aje na viatu", sikuhitaji kuuliza viatu gani.

Soko la mitumba la Ifakara lilikuwa na viatu vya kila aina vimemwagwa kwenye turubai, na mama mmoja mnene aliyeketi katikati yake. Niliokota mchuchumio mweusi, kisigino chembamba kama penseli. Akanitazama.

"Dada, na hicho masika haya? Si utakuwa unatembea huku unachimba mashimo ya kupandia mpunga?"

"Nataka kinacholia."

"Unanunua kiatu au ngoma?"

Alininyang'anya kile chembamba, akanifukuza kabisa. "Rudi saa tisa alasiri, mguu ukiwa umevimba. Asubuhi kila mtu ana mguu wa bibi harusi."

Nilirudi saa tisa. Alikuwa ameniwekea jozi ya rangi ya damu ya mzee, ngozi laini, mbele pana kiasi cha vidole kulala bila kupandana, kisigino kinene kiasi. Alichomoa kiberiti, akakisimamisha wima kando ya kisigino. Vikalingana. "Kikizidi kiberiti," alisema, "uwe na gari." Halafu akaniamuru nipige goti.

"Hapa?"

"Hapo hapo. Si unakwenda kwenye sherehe yenye wazee? Uende chini, uamkie, uinuke bila kushika kitu. Ukishindwa, hicho ni kiatu cha kupigia picha."

Nilipiga goti mbele ya wauza dagaa wote. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa fahari. Nikainuka. Kisha nikapanda kwenye kibaraza cha duka la jirani, kilichokuwa cha saruji, nikatembea hatua nne. Ko, ko, ko, ko. Mwenye duka akatoa kichwa kuangalia nani amefika. Nikalipa bila kuomba kupunguziwa.

Hapo ningeviweka sandukuni hadi siku ya sherehe, na kisa kingeishia hapo. Lakini mtu mwenye viatu vipya hana akili. Siku za vikao vya ofisini tulitakiwa kuvaa kiheshima, nami nikaanza kuvivaa. Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba wenzangu, waliokuwa wakicheza drafti saa za kazi, walinisikia tangu nikiwa korido ya mbali, na kila nilipofungua mlango niliwakuta wameinamia ramani ya bonde kwa uchungu mkubwa. "Bibi shamba," mmoja aliniambia, "asante kwa kujifunga kengele." Jambo la pili niligundua siku wageni wakubwa walipokuja kutoka Morogoro. Chini ya visigino kulikuwa na vyuma vidogo vilivyolika, na sakafu ilikuwa imepigwa nta. Niliteleza, nikajikuta nimemng'ang'ania mkono mkuu wa msafara kama anayenivusha mto.

Jioni ile nilikwenda kwa fundi viatu wa karibu na kituo cha mabasi. Alivigeuza, akatikisa kichwa. "Hivi vyuma vitakuvunja kiuno. Nikupigie mpira wa tairi?" Nikasema piga. Alipiga kazi safi. Nilitembea kwa raha ambayo sikuwahi kuipata juu ya kisigino, bila kuteleza, bila kuumia, na wiki ile ile niliwafumania wenzangu na drafti yao mezani. Nilijiona mjanja sana. Sikukumbuka kabisa kwa nini nilivinunua.

Siku ya sherehe nilisafiri kwa kandambili, viatu vikiwa kwenye mfuko wa rambo, kama msichana yeyote mwenye akili aliyesafiri barabara ile ya kwenda kwenye mashamba ya miwa. Sherehe ilikuwa kwenye bwalo la wafanyakazi, sakafu nyekundu imesuguliwa hadi inang'aa. Mama alinipokea mlango wa jikoni, akaniwekea mikononi sinia lenye shati jipya la mzee, limefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Ukiitwa, unaingia polepole hadi meza kuu. Baba yako amemwambia yule kijana wa muziki azime."

"Azime kwa nini?"

"Watu wakusikie."

Nilitazama miguu yangu. Mama naye akatazama.

"Umevifanya nini?"

"Nimeviwekea mpira."

"Mpira!" alisema mama, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa nyumba imeuzwa.

Alivivua mwenyewe miguuni mwangu, akaazima kisu kwa mpishi, akakibana kiatu kimoja katikati ya magoti. Mpira wa kulia ulibanduka baada ya jasho jingi, chuma kikachomoza chini yake. Wa kushoto ulikataa. Yule fundi alikuwa mwaminifu. Alikuwa ameupiga gundi na misumari mitatu. Mama alivuta, mpishi akavuta, na kutoka ukumbini nikasikia: "Sasa tumkaribishe binti wa mzee wetu, mtaalamu wa kilimo!" Muziki ukakatika.

Nikavaa, nikaingia.

Ko. Kimya. Ko. Kimya. Ko.

Mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake kwa unene wa tairi, kwa hiyo nilipanda na kushuka nikilishikilia lile sinia. Watu mia hivi walinigeukia. Mzee mmoja alimnong'oneza jirani yake, kwa ule mnong'ono wa watu waliozoea kuzungumza kando ya mitambo: "Maskini, ana mguu wa bandia?" Jirani akamjibu: "Wasomi hao. Ndivyo wanavyotembea."

Baba alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama sakafu. Nilifika, nikapiga goti, nikamwamkia.

"Marahaba, mama," alisema. Akainama karibu na sikio langu. "Huu mwingine vipi? Hausemi?"

"Una mafua, baba."

"Pole yake."

Kuinuka ndiko kulinishinda. Mama wa mitumba hakuwa amenifundisha kuinuka na visigino viwili vya urefu tofauti. Nikayumba, sinia likayumba, na baba, ambaye siku ile hakutakiwa kunyanyua kitu chochote, aliweka mkono chini ya kiwiko changu akaniinua. Watu wakapiga makofi. Nilirudi jikoni na masikio ya moto, nikijua kwamba alikuwa amesubiri miaka zaidi ya ishirini, nami nimemletea nusu.

Wenzake walimpa mabati na mifuko ya saruji, akahamia Ifakara kwenye kiwanja cha upande wa mama. Watu huanza na chumba cha kulala. Yeye alianza na baraza. Alisema vyumbani watalala juu ya udongo kwa muda, hakuna aliyekufa kwa hilo. Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha kurudi kwa fundi. Alinyanyua koleo, akaung'oa na ule wa kushoto huku akiguna kwamba wateja wasomi hawajui wanachotaka, kisha akapiga vyuma vipya pande zote mbili.

Baraza lilipokauka sawasawa, baba aliketi kwenye kigoda mwisho wake. "Haya, mama, pita."

Nikapita, kutoka mlangoni hadi alipo, nikageuka, nikarudi. Ko, ko, ko, ko, miguu yote miwili, bila kosa. Alisikiliza hadi mwisho. Akafikiri kidogo.

"Vizuri," alisema. "Ila kule bwaloni vililia zaidi."