Mama Alipovuka Mramura

Juzi nilizibua mtaro mbele ya nyumba yangu hapa Buhembe, nikaachia pale ukuta wangu unapoishia. Jirani wa chini amesafiri, na kipande chake kilikuwa kimejaa tope. Mvua iliponyesha, maji yalirudi hadi sebuleni kwangu.

Nikamkumbuka mama. Alasiri moja nilipokuwa mtoto, mtaa mzima ulikuwa mtaroni, kuteremka hadi darajani, kila kaya na kipande chake, kuanzia mramura mmoja hadi mwingine, ule mmea wetu wa mipaka. Tope lilinuka maganda ya ndizi yaliyooza. Mama alimaliza chetu, akavuka mramura, akaendelea kuchimba kwa Ma Koku, jirani aliyekuwa amelala ndani akiumwa mguu.

Niliogopa. Nilikuwa nimesikia watu wakishikiana mapanga kwa sababu ya mramura kuvukwa. Sikujua kwamba tope la kwake lingeturudishia maji sisi. Nikakimbia hadi kitandani kwa mgonjwa.

“Ma Koku, mama anakuibia kiwanja!”

Alisikiliza jembe likigonga mawe nje, akacheka mpaka akashika goti.

“Mwambie asiishie hapo, mwanangu. Aibe mpaka darajani.”