Sauti Ikikatika, Umefika

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji, hapa Kigoma, nilikabidhiwa bakuli la maji ya uvuguvugu na mpira wa kupumulia. Mkuu wa dawa za usingizi, mzee mkavu asiyejua kutabasamu, alisema, "Ulainishe huo. Mpira mgumu unararua pua, na damu ikishuka kooni tumekwisha."

Ninyi vijana mna kamera za kuonea koo. Sisi, mgonjwa asiyeweza kufungua kinywa tulimpitishia mpira puani akiwa macho, bila kuona kitu. Unaziba tundu moja la pua, kisha la pili, ujue lipi linapitisha hewa vizuri. Unatia dawa ya ganzi, unapaka mpira jeli, unausukuma kuelekea kisogoni, si juu. Sikio liko kwenye ncha ya nje, unaifuata pumzi. Mgonjwa tulimwambia aongee, kwa sababu mpira ukipenya kwenye njia ya hewa, sauti inakatika. Hapo umefika, na ndipo unamlaza usingizi.

Miaka ya wakimbizi ilinikuta nimeshakomaa. Boti zilishusha watu kutoka Kagunga, mpakani na Burundi, kila siku, na siku moja tukaletewa mama Mrundi. Jino bovu lilikuwa limemvimbisha taya na shingo, meno hayaachani. Koo lingeweza kuziba wakati wowote.

"Vuga, mama," nilimwambia kwa Kiha chetu, maana kinasikilizana na Kirundi. "Sema chochote, usinyamaze."

Alisema kwa shida, meno yamefungana: "Abana banje. Wanangu watatu, tumepotezana Kagunga, watu wakigombania boti. Bigirimana. Hakizimana. Ni..."

Sauti ikakatika.

"Safi kabisa," alisema mkuu. Hakuwahi kunisifu kabla ya hapo, nami nilifurahi.

Shingo ilipopasuliwa usaha ulitoka mwingi, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Yule mama hakuamka. Nilikwenda ufukweni walikopokelewa wakimbizi, nikamwomba mwenye kipaza sauti awaite watoto.

"Wa tatu anaitwa nani, dada?" aliniuliza.

Nilimwambia linaanza na Ni. Majina ya Warundi yanayoanza na Ni hayana idadi. Yale mawili yaliitwa mpaka jioni, hakutokea mtoto. Nililia njia nzima kurudi nyumbani.

Sasa nimestaafu, nakaa Mwanga, hapa hapa Kigoma. Wanafunzi wa usingizi hunijia: "Shikamoo bibi. Bila kamera mlijuaje mmefika?" Ninawaambia ni sauti. Ila mgonjwa msimwambie aseme maneno, avute "eee" tu. Maneno yake yasikilizeni kwanza, mpaka amalize, hata kama daktari anafoka mlangoni.