Banda la Same lililozibwa kama nyumba ya Mamba

Saa saba mchana, jua la Same limesimama juu ya bati la Devotha Eliakunda na halina dalili ya kuhama. Ndani ya banda la mbao nyuma ya nyumba yao, Devotha anaweka sawa hedifoni masikioni, anafuta kijasho juu ya mdomo, kisha anasema kwa sauti ya mtu aliyekaa chini ya kiyoyozi: "Asante kwa kupiga simu, naitwa Devotha, nikusaidie nini?"

Mteja yuko Mbeya, anataka kujua kifurushi chake kimefika wapi. Hajui kwamba anayemjibu amekaa ndani ya lililokuwa banda la mbuzi, miguu kwenye beseni la maji, macho yakirukia kompyuta kila mara. Ikipata joto, huzima yenyewe bila kuaga.

"Nafanya kazi roho mkononi," anasema baada ya simu kukatika. "Mteja anaongelea mzigo wake, mimi moyoni namwomba Mungu kompyuta isizime."

Devotha, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, hupokea simu za wateja wa kampuni moja ya vifurushi ya Dar es Salaam. Zamani alifanyia kazi hiyo ofisini, hukohuko Dar. Mama yake, Hedwiga, alipopata kiharusi, Devotha aliomba aifanyie nyumbani, Same. Akakubaliwa kwa sharti moja: mteja asisikie kitu kingine zaidi ya sauti yake.

Ni sharti jepesi kulitamka. Nyumba ina vyumba viwili na redio ya mama. Nje kuna mbuzi wa jirani, na upande wa barabarani kuna karakana ya mageti ambayo mashine yake ya kukatia chuma ikianza kulia, hata meno yanauma. Wateja walilalamika. Mmoja aliuliza kama amekosea namba akapiga gereji.

Msimamizi wake, Safia, hakumficha kitu. Jumatatu ijayo atasikiliza simu zake moja kwa moja kwa nusu saa. Kelele zikisikika, Devotha arudi kukaa ofisini Dar es Salaam, la sivyo aache kazi.

"Nikirudi Dar, mama namwachia nani?" anauliza. "Tangu augue, maneno yake yanatoka nusu. Mgeni akimsikia atadhani anaguna tu. Mimi ndiye ninayejua hapa anataka maji, hapa mguu unamuuma. Na nikiacha kazi, dawa nanunua na nini?"

Malalamiko yalipoanza, ndipo alipolikumbuka banda. Alilisafisha, akaagiza magunia ya pumba za mpunga kutoka Maore, akakusanya trei za mayai kwa mama ntilie wa stendi ili azibandike ukutani zimeze kelele. Habari zikapanda mlimani hadi kijiji cha Mamba. Mjomba wake, mzee Eliezeri, mkulima wa tangawizi, akaitisha msaragambo, ile kazi ya pamoja ya Wapare ambayo hakuna anayeuliza atalipwa nini. Jumamosi moja akateremka na ndugu kwenye gari la mizigo, wamebeba misumeno, nyundo na matita ya majani makavu ya migomba.

Walichapa kazi kwelikweli. Ndani ya ukuta wa mbao wakapigilia ukuta wa pili, katikati wakashindilia pumba. Chini ya bati wakaweka dari, na juu ya dari wakalaza magunia mengine ya pumba. Wangeishia hapo ingetosha. Lakini watu wa Mamba wamezaliwa kwenye ukungu, na kwao chumba kizuri ni kile kisichopitisha baridi. Mzee Eliezeri alizunguka banda zima, kiganja wazi, akitafuta upepo unapopenya. Kila alipouhisi, aliziba kwa majani ya migomba na udongo. Aliziba juu ya kuta, akaziba na kidirisha pekee kilichokuwapo.

"Humu baridi haiingii, mama," alimwambia mpwa wake kwa fahari.

Baridi! Same! Devotha alishukuru, akawapakulia makande. Utaanzaje kumwambia mjomba aliyeteremka mlima mzima kwa ajili yako kwamba amekosea?

Ni kweli kelele ziliisha. Siku ya kwanza ya kazi humo bandani alipokea simu katika ukimya ambao hajawahi kuusikia tangu azaliwe. Kabla ya adhuhuri kompyuta ilizima kwa joto, na kichwa chake mwenyewe kikaanza kuzunguka. Akafungua mlango kutafuta hewa. Ndipo alipomsikia mama yake.

Hedwiga alikuwa ameteleza akijaribu kuinuka kitandani. Alikuwa sakafuni, sauti imemkauka kwa kuita.

"Aliniita, sikusikia," anasema Devotha. "Asubuhi yote nilikuwa nashukuru kwa ule ukimya, kumbe mama yuko chini."

Hedwiga hakuvunjika, lakini binti yake hajatulia tangu siku hiyo. Alimpigia simu mjomba. Hakulalamika, alimkaribisha tu aje aone ofisi ikifanya kazi.

Mzee aliteremka na koti lake zito la mlimani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Ofisi inasemaje?"

Devotha alimkalisha, akafunga mlango, akaanza kupokea simu. Ya kwanza, mzee alitabasamu. Ya pili, alifungua vifungo. Ya tatu ilimkuta amevua koti na anajipepea kwa kofia.

"Mjomba," Devotha alijipa moyo, "stoo ya tangawizi kule nyumbani si mnaiachia matundu?"

"Tangawizi isipopata hewa inaoza. Mtu haozi."

"Mama alianguka juzi. Aliniita, sikumsikia."

Kofia ilisimama hewani. "Dada yangu aliita?" mzee aliuliza. Alitoka, akarudi na msumeno. "Nionyeshe upande anaolala."

Alitoboa kwa mikono yake mwenyewe. Tundu moja alilipitisha chini, kuelekea dirisha la Hedwiga, mbali na karakana. La pili alilipitisha juu, upande wa pili, akalijengea kisanduku chenye kona na kukibandika vipande vya godoro kuukuu, ili joto litoke na kelele zifie humo njiani. Alipomaliza hakuaga haraka kama kawaida yake. Alikaa na dada yake hadi jioni.

Sasa joto limepungua, halijaisha. Chuma kikikatwa, mlio mwembamba bado unapenya. Devotha amejirekodi mara nyingi akajisikiliza. "Mara naona hausikiki kabisa, mara naona ndio unaosikika peke yake," anasema. Jirani wa karakana ameahidi kuangalia kama ataweza kutokata chuma nusu saa hiyo, lakini umeme ukiwapo naye ana mageti ya watu ya kumaliza.

Devotha akipita mtihani wa Jumatatu, anapanga kuezeka kibaraza kati ya banda na nyumba, mama apate pa kukaa kivulini karibu naye. Na Hedwiga akiita katikati ya nusu saa ya Safia?

Devotha anavua hedifoni, anaziweka mapajani.

"Naomba awe amelala. Naomba sana," anasema. "Lakini akiniita, nitatoka. Safia asikie, mteja asikie, nitatoka. Siku ile sikutoka."