Ziara ya Visiwani Isiyopita Bumbire

Mei 1971, masika yakiwa hayajakatika, mama yangu mzazi alifariki kisiwani Bumbire. Habari niliipata gulioni Nshamba, nimesimama mbele ya fungu la furu wakavu. Mwanamke aliyekuwa akiuza samaki wale alinitazama usoni, akaweka chini kopo lake la kupimia, akaniuliza kama mimi ndiye binti wa yule mama mwenye miguu mibovu. Nikajua kabla hajamaliza. Walikuwa wamekwisha kumzika. Alinifungia samaki kwenye jani la mgomba, nikarudi nao nyumbani Ijumbi bila kukumbuka kama nilikuwa nimewaomba.

Nimechelewa kuandika haya kwa sababu sikusoma sana, niliishia darasa la nne, na pia kwa sababu kila nikianza najikuta nacheka. Si kicheko kizuri. Mama alikufa hajaniona kwa miaka mingi, na kilichosimama kati yetu kilikuwa safari ya mapumziko.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani kwa mwenye duka mmoja pale Nshamba. Zamani, akiwa kijana, alifanya kazi kidogo mjini Bukoba, na Jumapili moja aliwaona Wazungu wa serikali wamepanda mashua yenye tanga jeupe. Walizunguka mbele ya kisiwa cha Musira mpaka alasiri, kisha wakarudi pale pale walipotoka. Hawakuvua samaki, hawakumpelekea mtu mzigo, hawakwenda msibani. Aliuliza wanakwenda wapi, akaambiwa hawaendi popote, wanapumzika. Jambo hilo lilimwingia kichwani likakaa. Uhuru ulipokuja, wengine walitaka shule, wengine barabara, wengine bei ya kahawa. Mume wangu alitaka tanga.

"Sasa ni zamu yetu kutokwenda popote," aliniambia.

Nilicheka. Mimi ni mtu wa kisiwani. Watu wa migombani wanaliona ziwa kila asubuhi kutoka mlimani, na wengine huzeeka halijawafika magotini. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Hata beseni la kuogea alilitazama vizuri kabla ya kuingiza mguu. Lakini alipoanza kutaja visiwa atakavyopita, kimoja baada ya kingine, siku mbili hapa, siku mbili pale, bila haraka, niliacha kucheka. Nilimfikiria mama.

Lazima nieleze jambo hili kwa asiyetoka kwetu. Mwanamke aliyeolewa haamki tu akaenda kwao. Anatumwa na mumewe, amebeba kitu kichwani, ili kwao waone kwamba anatunzwa. Nilitumwa hivyo mara moja, nilipozaa mtoto wa kwanza. Baada ya hapo ilikuwa zamu ya mume wangu mwenyewe kuja kuwaona wakwe, na mkwe haji na mikono mitupu. Anakuja na vibuyu vya lubisi, pombe yetu ya ndizi, anakuja na nyama, anakuja na watu wa kumsindikiza. Mpaka afanye hivyo, mimi kwenda peke yangu kungekuwa kumvua nguo mbele ya ukoo wangu. Mwaka ukapita, na mwingine. Ndiyo maana safari ya tanga ilinipendeza. Mashua ingepita huko huko, ningeomba nafasi ndani yake, na mama angeniona.

Waliopanga safari walikuwa watatu. Mume wangu, rafiki yake mwalimu aliyekuwa Mlutheri kutoka Kaagya na aliyebadili lugha na kusema Kiingereza kila aliposhindwa hoja, na mpima kahawa wa ushirika, mtu mnene na mpole, aliyependa kila jambo ambalo lilikuwa halijaanza. Walikutana Jumamosi jioni kwenye meza ya kukatia nguo. Mume wangu alichora visiwa mezani kwa chaki ya ushonaji. Jumatatu akija mteja na kitambaa, visiwa vinafutika. Jumamosi vinachorwa upya, na havirudi mahali pake. Kuna wiki kisiwa cha Kerebe kilikuwa karibu na mkasi, wiki nyingine kilikuwa pembeni kabisa karibu na kuanguka.

Hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Siku moja niliwauliza.

"Shemeji," mwalimu akasema, "mwenye gari huulizwa kama anajua kukimbia?"

"Gari likiharibika halizami," nikamjibu.

"Mama watoto, lete chai," akasema mume wangu.

Tanga alilishona mwenyewe, la marekani nzito, mishono miwili miwili, kwa muda wa mvua nzima. Siwezi kudanganya, lilikuwa zuri. Watu walisimama barazani kulishika. Likatumika harusini kuzuia jua, likatumika kuanikia kahawa, na padri aliliazima siku ya kipaimara. Ziwa halikuliona. Jirani yangu, mwanamke mwenye mdomo usiopumzika, alipenda kuniita kutoka kibanjani kwake, katikati ya migomba yake, nikipita na ndoo.

"Mke wa nahodha! Mmefika wapi?"

"Tuko barazani bado."

"Angalieni mawimbi!"

Kisha likaja Azimio la Arusha, na mapumziko yakawa neno baya. Kila mtu alikuwa akitafuta kupe anayenyonya jasho la wenzake, na mtu anayekaa kwenye mashua bila jembe wala wavu angefanana naye sana. Mwalimu akatoa dawa. Safari isiitwe mapumziko, iitwe ziara ya kuwatembelea wananchi wa visiwani na kujifunza maisha yao. Mpango haukubadilika hata kidogo: watalala mchana, watakula samaki wabichi, watatazama maji. Lakini sasa ulikuwa ujamaa. Balozi wetu wa nyumba kumi aliposikia ni ziara, akataka kuhutubia kila kisiwa. Ilibidi akubaliwe, kwa hiyo akatafutiwa nafasi mezani, na safari ikaongezeka urefu kwa ajili ya hotuba.

Halafu wakafika kwenye chakula. Mhaya hawezi kuamini kwamba kuna mahali watu wanaishi bila ebitoke, ndizi zetu za kupika. Nilipowaambia kwamba kwetu tunapanda migomba kama wao, mume wangu akasema ndizi za ugenini hazishibishi. Mpima kahawa akakadiria mikungu ya watu wanne kwa safari nzima, akaenda mwaloni, wavuvi wanapoegesha mitumbwi, kuiona mashua ya kukodi, akarudi ameinamisha kichwa. Mikungu ikiingia yote, alisema, ataingia mtu mmoja. Wakajadili Jumamosi kadhaa ni yupi. Hakuna aliyesema tupunguze mikungu.

Hayo yote niliyavumilia. Nilikuwa napita na birika, nasikiliza tu kama Bumbire bado imo mezani. Ilikuwamo. Mpaka jioni moja, mwalimu aliponyanyua chaki yake.

"Hapa Bumbire," akasema, "si ndiko kwa wakwe zako?"

Mume wangu akaitika.

"Na hujakwenda kuwaona rasmi?"

"Bado."

Mpima kahawa akapiga mluzi mdogo. Balozi akavua kofia. Wanaume wanne walikaa wakiitazama ile alama ya chaki kana kwamba ni nyoka amelala mezani.

"Tukishuka pale umekwenda ukweni," mwalimu akasema. "Na huwezi kwenda ukweni na mikungu iliyokwisha kuliwa nusu."

"Tupite bila kushuka," akasema balozi.

"Upite mbele ya nyumba ya mama mkwe na tanga kubwa kama lile, usishuke? Hapo umemtukana. Bora ungekaa nyumbani," akasema mwalimu.

"Basi tupite mbali."

"Kisiwa ni kikubwa. Watatuona."

Walikubaliana kupita nyuma ya visiwa vingine, mbali kabisa, kwenye maji makuu ambako wavuvi wenyewe hawaendi wakiwa na akili timamu. Watu wanne wasiojua kuogelea waliona afadhali wafe maji kuliko kuonwa na mwanamke mmoja mzee asiyeweza kutembea vizuri. Mume wangu akachukua kitambaa chenye maji akaifuta Bumbire. Siku ile haikuwa ya mteja.

Nikaweka birika chini. "Mimi nilitaka kushuka pale," nikasema. "Ninyi endeleeni. Mniteremshe tu."

"Ukishuka wewe, nimefika mimi," mume wangu akasema.

"Nitasema nimekuja peke yangu."

"Kwa mashua yangu? Kwa tanga langu?" Alisema kwa upole. Hakuwa mtu mkali, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. "Sikiliza. Tutafanya safari hii kwanza, tuizoee njia. Kisha nitaandaa safari ya ukweni peke yake, ya heshima. Mama atafurahi."

Tangu siku ile safari ya kwenda kwa mama ilipangwa foleni nyuma ya safari ya kutokwenda popote. Na ile ya mbele haikusogea. Ulipofika msimu wa kahawa, mpima hakuweza kuondoka. Walipokuja senene, panzi wetu wa kukaanga, hakuna mwanamume ambaye angeacha senene akaenda kula samaki. Kwaresima mume wangu hakutaka kuonekana anastarehe, na Kwaresima ilipokwisha mvua zilikuwa zimeanza. Na kila walipopata wiki iliyo wazi, mtu alifariki kijijini, na kwetu mtu akifa majembe yanalala na hakuna anayekwenda kutembea. Tulikaa matanga ya watu wote wa kilima kile. Nililia misibani kwa moyo kuliko nilivyowajua marehemu, kwa kuwa kila mmoja aliondoka na wiki yangu.

Wachuuzi wa samaki walinipa habari za mama. Miguu imevimba. Macho yamepungua. Anakuuliza. Nilimwambia mume wangu kila mara, naye kila mara alisikitika kweli, akaenda kulitazama tanga, akaongeza mshono.

Kwa hiyo niliporudi na furu wale kutoka gulioni, hakushindwa kunisoma usoni. Alikaa chini barazani, akajishika kichwa, akalia. Sitamnyima hilo. Watu wakaja, nyasi zikatandazwa sebuleni, tukakaa. Jirani yangu mwenye mdomo alikaa kimya ubavuni mwangu amenishika mkono.

Siku ya pili, wenzake wale watatu waliketi karibu na mlango pamoja na mume wangu, wakitafuna kahawa. Walinong'ona, lakini nyumba yetu ilikuwa ndogo.

"Sasa imekuwa ziara ya msiba," mwalimu alikuwa akisema. "Hapo Bumbire lazima. Na msiba wa mama mkwe si kama kumtembelea mama mkwe. Lazima ng'ombe."

"Ng'ombe haingii kwenye mashua ile," mpima akasema.

"Itakodiwa nyingine."

"Tungoje kahawa ivunwe," akasema mume wangu. "Twende kwa heshima."

Na balozi, ambaye nadhani alitaka kumfariji, akasema, "Ile njia ya nyuma sasa haina haja tena. Itakuwa safari fupi."

Niliinuka kwenye nyasi.

"Nakwenda kesho," nikasema. "Na akina mama wa samaki."

Mume wangu akanitazama. "Matanga hayajaondolewa."

"Matanga yako kule. Hapa tumekaa kukuliwaza wewe."

"Utakwenda mikono mitupu, mke wangu? Watasema nini?"

"Mama hataona."

Mwalimu alifungua mdomo, nikadhani kitatoka Kiingereza, akaufunga. Jirani yangu akasema kwa sauti yake yote, "Mwacheni aende, nyie manahodha!" na watu wawili watatu wakacheka msibani, kisha wakaona haya.

Asubuhi nilishuka mwaloni kwa miguu. Mume wangu alinisindikiza mpaka nyumba za mwisho, mwavuli mkononi, akasimama. Alinipa mwavuli. Nadhani alitaka kusema kitu, lakini tulikuwa tumeanza kulikaribia ziwa, na pale alikuwa hajiamini.

Mtumbwi wa akina mama ulikuwa na makapu matupu yanayonuka. Walipiga makasia, wakasimulia habari za watu nisiowajua, wakanipa kiazi nile. Nilikuwa nimekifikiria kisiwa kile kwa miaka kama kitu cha mbali sana. Jua lilikuwa bado halijageuka tulipogusa mchanga.

Shangazi yangu ndiye aliyenipokea mlangoni. Tulikumbatiana tukalia, kisha akatazama nyuma yangu, njiani.

"Mkwe yuko wapi?"

Wanawake wote waliokuwa sebuleni walisogea wasikie. Ningeweza kusema ni mgonjwa. Nikasema, "Anapanga safari."

Shangazi akanishika bega. "Ile ya tanga?"

"Mnaijua?"

"Mama yako alikuwa akimuuliza kila mchuuzi. Anasema, leo tanga limefika wapi? Wakimwambia liko harusini, anacheka mpaka anakohoa." Akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Lakini baadaye aliacha kuuliza."

Alinipeleka nyuma ya nyumba, ndani ya migomba. Mvua ilikuwa imepita pale, na udongo wa kaburi ulikuwa bado umevimba na ni laini. Nikavua viatu. Nilisimama mpaka wakaniita ndani kula, na nilipoingia walikuwa wameniwekea samaki na ebitoke, nikanawa mikono, nikala.